Wazo Jipya Huenda Liko Upande Ule Mwingine wa Kaunta: Somo Kutoka Thika na Ruiru

Kati ya Ruiru na Thika kuna kila aina ya kiwanda. Kuna maziwa ya pakiti, uzi, chuma, mkate, mafuta ya kupikia na nanasi za mkebe. Kando ya viwanda hivyo vikubwa kuna wengine wengi wasio na geti wala mlinzi: mwenye mashine ya kusaga unga, fundi wa milango ya chuma, mama anayekaanga mandazi kabla ya jogoo kuwika, kijana anayeshona sare za shule.

Wengi wao ukiwauliza kuhusu uvumbuzi watakucheka. "Uvumbuzi ni wa watu wa kompyuta. Mimi nauza mkate tu. Mkate ni mkate."

Lakini jirani akipata njia ya kuoka kwa kuni chache, au akianza kuuza kipande kidogo ambacho watu wa boda boda wanakitaka, utajua mkate si mkate tu. Kwenye biashara hizi faida ya kila kitu ni shilingi chache. Ukipoteza shilingi mbili kwa kila kipande, hiyo ndiyo kodi ya duka imeenda. Kwa hivyo swali la wazo jipya litatoka wapi si swali la wasomi peke yao. Ni swali la kama utakuwa umefungua duka mwaka ujao.

Katika makala haya tunaeleza njia moja ambayo biashara za bidhaa za kawaida hutumia kupata mawazo bila kuwa na maabara wala wanasayansi wa kuajiriwa. Pia tunaeleza jinsi simu yako inavyoweza kukusaidia kuijaribu, na mahali pa kuwa mwangalifu usije ukaibiwa.

Tuanze na mfano ulio mfukoni mwako

Mwezi wa Oktoba 2005, Thika ilikuwa moja ya sehemu chache ambako huduma ya M-PESA ilijaribiwa kabla haijajulikana na mtu. Sehemu nyingine ilikuwa Nairobi. Safaricom na Vodafone zilishirikiana na Faulu Kenya, taasisi ya mikopo midogo, na sehemu ya fedha za mradi ilitoka kwa serikali ya Uingereza. Walioandikishwa walikuwa kama watu 500, na mawakala walikuwa wanane tu.

Huduma yenyewe ilikuwa imebuniwa kwa ajili ya mikopo. Mteja wa Faulu angepokea mkopo kwa simu, kisha arudishe kwa simu. Basi.

Wateja walikuwa na mawazo yao. Wenye maduka walianza kulipana wao kwa wao. Wengine waliweka mauzo ya siku kwenye simu jioni, kwa sababu benki ilikuwa imefungwa na hawakutaka kulala na pesa taslimu. Kuna waliokuwa wanaweka pesa kwa wakala kabla ya safari, halafu wanazitoa saa chache baadaye wakifika upande wa pili, ili wasibebe noti kwenye matatu. Na kuna walionunua muda wa maongezi kwa M-PESA na kuwatumia jamaa zao mashambani, kama njia ya kuwasaidia.

Hakuna mhandisi aliyewafundisha hayo. Waliyavumbua wenyewe kwa sababu yalitatua shida zao.

Walioendesha mradi wangeweza kusema, "Hapana, hii ni ya mikopo, itumieni vizuri." Badala yake waliangalia, wakaandika, wakabadilisha mpango. Huduma ilipozinduliwa rasmi mwezi wa Machi 2007, mambo ya mikopo yaliwekwa kando na ujumbe ukawa rahisi kabisa: tuma pesa nyumbani. Sehemu kubwa ya wazo ambalo leo tunalitumia kulipa karo, kununua sukuma wiki na kuchangia harambee iliokotwa kwa wateja wa majaribio, wakiwemo wa Thika.

Kuna upande wa pili wa hadithi hii, na ni muhimu. Faulu, mshirika wa majaribio, haikupata faida iliyotarajiwa. Mikopo yake ilitegemea vikundi vinavyokutana. Mtu akiweza kulipa akiwa mbali, anaacha kuja kwenye mkutano, na kikundi kinalegea. Hesabu za pande mbili nazo zilikuwa ngumu kulinganisha. Kushirikiana kunaweza kuzaa kitu kikubwa na bado mshirika mmoja akaona hakimfai. Tutarudi kwa jambo hilo.

Jambo hili lina jina

Mwaka 2003, profesa Mmarekani anayeitwa Henry Chesbrough aliandika kitabu kuhusu kampuni zinazopokea mawazo kutoka nje na kuyaachia mengine yatoke. Kwa Kiswahili tunaweza kuuita ubunifu wa milango wazi. Maana yake ni rahisi: watu wenye akili hawako wote ndani ya kampuni yako, kwa hivyo weka mlango wa kuwafikia.

Mwanzoni mifano mingi ilihusu kampuni za teknolojia ya juu. Lakini ukifikiria vizuri, wanaouhitaji zaidi ni hawa wa mkate, uzi, mbao na maziwa. Kampuni ya dawa ina maabara yake. Mwoka mikate hana. Ujuzi mpya unamfikia ukiwa umefichwa ndani ya kitu kingine: ndani ya oveni mpya anayouziwa, ndani ya hamira ya aina nyingine, ndani ya malalamiko ya mteja, au ndani ya kichwa cha mfanyakazi aliyewahi kufanya kazi mahali pengine.

Yaani mlango tayari uko wazi kidogo. Tofauti ni kama unaufungua kwa mpango, au unangoja upepo uulete.

Kahawa iliyobeba jina la Ruiru

Mfano mwingine uko hapo hapo jirani. Kahawa ni zao la jembe na mkono, si la mitambo. Mwaka 1968 ugonjwa wa kuoza kwa matunda ya kahawa, ambao wakulima huuita tu CBD, uliharibu mashamba mengi nchini. Aina zilizopendwa kwa ladha, kama SL28, hazikuweza kuuhimili bila kupuliziwa dawa mara nyingi, na dawa ni pesa.

Watafiti wa kituo cha kahawa cha Ruiru hawakuanza kila kitu kutoka sufuri. Walichukua Catimor, aina iliyotoka Colombia yenye kinga ya magonjwa, wakaichavusha na aina za hapa nyumbani zenye ladha nzuri. Mwaka 1985 wakatoa Ruiru 11: mti mfupi, unaohimili CBD na kutu ya majani, na unaoweza kupandwa kwa kukaribiana.

Hadithi haikuishia hapo. Wakulima wengi walisita. Walisema SL28 ndiyo yenye ladha inayotafutwa na wanunuzi, na kung'oa mti uliolelewa miaka mingi si mchezo. Wengi walipendelea kubadilisha mti wa zamani juu kwa juu, wakiacha mizizi ileile, kuliko kuanza upya. Mwaka 2010 kituo kilitoa aina nyingine, Batian, inayohimili magonjwa na iliyo karibu zaidi na zile za SL.

Angalia mzunguko huo. Wazo liliingia kutoka nje ya nchi, likachanganywa na la nyumbani, likaenda kwa mkulima, mkulima akalikosoa, likarudi likiwa bora. Aliyekosoa hakuwa adui wa utafiti. Alikuwa sehemu yake.

Mwoka mikate aliyekuwa na kitu ambacho kampuni kubwa haikuwa nacho

Tutoke nje ya Kenya kidogo. Kampuni ya Procter & Gamble ya Marekani ilitaka kuchapisha maneno na picha juu ya krispi zake za Pringles. Kutengeneza mashine kama hiyo kuanzia mwanzo kungechukua muda na pesa nyingi. Ikaandika tatizo lake kwa maneno machache na kulisambaza kwa watu wake wa nje. Jibu lilipatikana Bologna, Italia, kwenye duka dogo la mikate la profesa mmoja wa chuo kikuu. Alikuwa tayari amevumbua njia ya kuchapisha picha zinazolika juu ya keki na biskuti. Mwaka 2004 krispi hizo zilikuwa sokoni.

Kuna mambo mawili hapa ya kubeba. La kwanza, kampuni kubwa ilieleza shida yake kwa uwazi, haikuificha kwa aibu. La pili, mwoka mikate mdogo alikuwa na kitu cha kuuza zaidi ya mikate. Huenda na wewe unacho.

Milango minne unayoweza kufungua

Mteja. Usimuulize kama bidhaa ni nzuri. Kwa heshima atakwambia ni nzuri. Muulize: "Ukinunua hapa, unaenda kuifanyia nini?" Kwenye yale majaribio ya Thika pia, siri ilikuwa kwenye namna wateja walivyotumia huduma. Kisha fungua stetimenti ya miamala yako ya mwezi mmoja. Malipo huingia zaidi saa ngapi? Siku gani hushuka? Je, kuna kiasi kinachojirudia, kwa mfano watu wengi wanalipa 50 kamili wakati bei yako ni 65? Huenda wanakuomba kifurushi cha 50 bila kusema.

Anayekuletea mali. Mtu anayekuuzia unga, ngozi, uzi au vyuma hutembelea biashara nyingi kama yako. Ameona kinachofanya kazi na kilichoshindwa. Siku ya kumlipa, mwulize ni malighafi gani mpya inayosonga na kwa nini.

Fundi na wafanyakazi wako. Fundi wa jua kali anayekarabati mashine yako anajua inapoharibika kila mara. Mwulize angeitengenezaje kama ingekuwa yake. Mfanyakazi akitoa wazo linalookoa pesa, mtumie kitu siku hiyo hiyo, hata kama ni 200, na umwambie ni ya nini. Akiona wazo lake lina thamani, ataleta lingine.

Chuo. Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta, JKUAT, kiko Juja, katikati ya Ruiru na Thika. Kuna masomo ya sayansi ya chakula, uhandisi na kilimo, na wanafunzi wake hutafuta mahali pa atachimenti. Mwanafunzi wa chakula akikaa kwako miezi michache akichunguza kwa nini mkate wako unaota ukungu siku ya tatu, nyote wawili mnafaidika.

Jaribu kidogo, na hesabu iwe wazi

Watu husifu wazo kwa mdomo halafu wasilinunue. Kwa hivyo lipime kwa malipo halisi, kwa muda mfupi.

Tuseme wewe ni mwoka mikate wa Makongeni, Thika. Mwenye kibanda cha chai Ruiru anakwambia wateja wake wanataka mkate mdogo wa mtu mmoja. Mnakubaliana kujaribu wiki nne, siku sita kwa wiki, mikate 60 kwa siku. Bei ni shilingi 25. Gharama yako ya unga, moto, karatasi na usafiri ni 15. Inabaki 10, mnagawana tano tano.

Ikiuzwa yote, kila mmoja anapata 300 kwa siku, yaani 7,200 kwa hizo siku 24. Safi sana.

Lakini ikiuzwa 50 na kubaki 10? Mauzo ni 1,250, gharama yako bado ni 900, faida ni 350 badala ya 600. Kama mwenye kibanda anachukua tano zake kwa kila mkate uliouzwa, ana 250, na wewe unabaki na 100. Mkigawana hasara sawa, kila mmoja ana 175. Ni mkate ule ule na siku ile ile, lakini mtu mmoja anaweza kwenda nyumbani na hasira.

Ugomvi mwingi wa washirika huanzia kwa kilichobaki kuliko kwa kilichouzwa. Kubalianeni mapema, kabla unga haujakandwa.

Simu inawasaidia hivi: tumieni nambari ya till iliyo ya jaribio hilo peke yake, isichanganywe na mauzo mengine. Kila jioni mnaona kiasi kilekile, hakuna wa kumwambia mwenzake "mauzo yalikuwa mabaya leo" bila ushahidi. Lipaneni siku maalumu, kwa mfano kila Jumamosi, na muweke ujumbe wa malipo. Kumbukeni kutoa ada za miamala kwenye hesabu, kulingana na viwango vya huduma mnayotumia. Wiki nne zikiisha, mnaamua kwa namba: mnaendelea, mnabadilisha, au mnaachana kwa amani. Kumbuka ya Faulu. Mshirika akisema haimfai, hiyo pia ni jibu.

Mlango wazi si nyumba bila kufuli

Tunajua hofu yako. "Nikimwambia mtu wazo langu, kesho atalifungulia duka kando yangu." Hofu hiyo ina sababu. Lakini ukifunga kila kitu hutasikia kitu pia. Chagua cha kufungua na cha kufunga.

Fungua shida yako, funga siri yako. Unaweza kumwambia kila mtu kwamba mkate wako unakauka mapema. Huna haja ya kumwambia vipimo vya viungo vyako.

Andika makubaliano. Ukurasa mmoja unatosha: nani analeta nini, faida na hasara zinagawanywaje, wazo likifaulu ni la nani, na jaribio linaisha lini. Wekeni sahihi wote, na shahidi mmoja.

Linda kinacholindika. Taasisi ya Mali ya Viwanda ya Kenya, KIPI, ndiyo husajili alama za biashara, hataza na maumbo ya bidhaa. Alama ya biashara hulindwa kwa miaka 10 na inaweza kuongezwa. Hataza hudumu miaka 20, lakini kuipata kunahitaji uvumbuzi mkubwa. Kwa maboresho madogo ya vifaa, kama yale ya mafundi wetu wengi, kuna cheti chepesi zaidi kinachodumu miaka 10. Kama umebuni mashine, ulizia kabla hujaionyesha kwenye maonyesho.

Usitoe PIN. Mshirika, mwanafunzi wa atachimenti, fundi, hata ndugu wa damu, hakuna anayehitaji PIN yako ili kuona mauzo. Mpe jumla, au mtazame stetimenti pamoja.

Heshimu nambari za wateja. Nambari inayobaki kwenye simu yako baada ya malipo si ruhusa ya kumtumia mtu matangazo au kumpa mshirika wako orodha. Kenya ina Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019. Ukitaka maoni ya mteja, mwombe ana kwa ana.

Jihadhari na "mwekezaji" wa haraka. Mtu akikupigia akisema kampuni kubwa imependa bidhaa yako, lakini kwanza utume ada ya usajili kwa nambari ya mtu binafsi, kata simu. Anayetaka kununua wazo lako ndiye analipa, si wewe.

Leo jioni

Huna haja ya kuanza na makubwa. Jioni ya leo, kabla hujafunga, chagua wateja watatu unaowajua na uwaulize lile swali moja: "Ukinunua hapa, unaenda kuifanyia nini?" Andika majibu nyuma ya daftari la madeni, upande ule ambao haujaandikwa kitu. Kisha fungua stetimenti ya mwezi uliopita uone kama namba zinasema sawa na wao.

Wale wateja wa kwanza wa Thika, mwaka 2005, hawakuitwa wavumbuzi na mtu. Walikuwa tu na maduka ya kufunga jioni na pesa za kulinda. Wateja wako wana shida zao pia, na huenda mmoja wao amekuwa akikupa jibu kila siku anapolipa.